Mlango Usiotoa Watu

9 Februari

Mwanangu,

Hujambo. Sisi hatujambo, isipokuwa mlango wako.

Nasema mlango wako kwa sababu sitaki kusikia mtu akiuita wangu. Wewe ndiye uliyechagua mbao, wewe ndiye uliyezipiga randa sebuleni mpaka vumbi likaingia kwenye satini za wateja, na wewe ndiye uliyeufunga asubuhi ile ile ya safari, kisha ukatokea jikoni kwa sababu gari lilikuwa limesimama upande wa nyuma, kwa jirani. Kwa hiyo mwenyewe hujawahi kuupita hata siku moja. Ungeupita ungejua umetuachia nini.

Kuingia, mtu anaingia. Anaugusa tu kwa kidole, unafunguka kama ulikuwa unamsubiri yeye. Shida ni kutoka. Kitasa kinazunguka, komeo halijafungwa, lakini mlango wenyewe hauendi popote. Yule mwalimu aliyekuja kupima sketi alivuta, akapumzika, akavuta tena, mwisho akakaa kwenye kiti na kuniuliza kwa upole kama amenikosea kitu. Nilimtoa kwa mlango wa jikoni, tukapenya kwenye tundu la uzio, tukakatiza uwanja wa jirani. Na kwa jirani kuna yule bata dume. Mwalimu wa watu ameondoka kwangu na alama ya mdomo wa bata kwenye muundi.

Sasa kila mteja ni hivyo hivyo. Mimi ni mshonaji, sebule yangu ndiyo duka langu, watu lazima waingie na watoke. Baba yako anaona ni kichekesho. Anarudi kutoka kuuza rangi zake, anaingia kwa madaha, anajitupa kwenye kochi na kusema, "Angalau mlango huu unapenda watu." Nimemwambia kama anaupenda sana akalale na bata.

Ukoo wenu na milango yenu! Nilipoolewa niliambiwa ni ukoo wa maseremala. Hakuna aliyefungua mdomo kuniambia kwamba mbao zinawasikiliza. Nimekuja kujua wewe ukiwa na miaka kumi na mitano, siku ulipolikemea kabati likajifungua lenyewe.

Nakuandikia barua kwa sababu shangazi yako amekataza simu huko karakana kwake, ingawa sijaelewa mtu mzima anaogopaje simu. Jibu haraka. Nieleze ulikosea wapi na tunarekebisha vipi.

Mama yako

NB: Unakula?

---

20 Februari

Kwa Mama,

Shikamoo. Ninakula.

Simu imekatazwa kwa sababu mbao zinasikia. Mama, nilikueleza hili jikoni ukasema "hm". Ubao ukishapigwa msasa unabaki na sikio wazi mpaka siku mlango unapofungwa kwenye fremu. Ndiyo maana humu karakana hakuna anayeongea. Tunaandikiana kwa chaki ukutani. Hasira za Shangazi nazijua kwa ukubwa wa herufi. Jana niliacha gundi wazi, akaandika jina langu kutoka dirishani mpaka mlangoni.

Kuhusu mlango wa nyumbani, sijakosea. Kazi yetu ina kanuni moja tu kubwa: skurubu ya mwisho ya bawaba ya juu ikishakazwa, neno la kwanza litakalosemwa karibu na mlango ndilo utakaloshika maisha yake yote. Nilikaza, nikavuta pumzi, nikasema maneno yetu kwa sauti: "Aingie anayeingia, atoke anayetoka." Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, unaguna na pini zako mdomoni kama kawaida. Hata kuniaga uliniaga na pini mdomoni. Ulisema "Nenda, tupumue," na hiyo ndiyo baraka niliyosafiri nayo.

Labda unasukuma badala ya kuvuta?

Nina ombi moja, na hili sitanii. Mtu yeyote asiuguse kwa shoka wala mtaimbo. Huo ni mlango wangu wa kwanza. Fundi wa ukoo wetu akivunjiwa mlango wake wa kwanza, mikono yake inabaki mikono tu. Muulize Baba.

Ile cherehani ya pili bado ipo pale dirishani? Nimeota unaniita nije kushona vifungo, nikaamka nimechoka.

Mwanao

---

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Navuta. Nimekuwa nikifungua milango tangu kabla hujazaliwa, usinifundishe.

Cherehani ipo pale pale, mkabala na yangu, nimeifunika kitambaa. Itabaki hapo. Ukirudi utaikuta, na vifungo vipo.

Sasa nisikilize, maana mambo yameharibika. Mwenye nyumba amekuja kuangalia paa. Akaingia kwa mlango wa mbele, akausifia, akaupapasa, akauliza ni kazi ya nani. Nikajivuna kidogo, sikatai. Halafu akataka kutoka.

Unamjua umbo lake, na unalijua tundu la uzio. Alikwama katikati. Nusu ya nyuma ilikuwa kwetu, nusu ya mbele ilikuwa kwa jirani, na bata naye alikuwa kwa jirani. Baba yako alikuwa anasukuma huku anacheka, mimi nilikuwa namwombea radhi mgongo wa mtu. Alipotoka hakuaga. Alisimama barabarani akapiga kelele mtaa mzima usikie: mwisho wa mwezi wa nne, mlango ufunguke pande zote mbili kama milango ya watu wengine, la sivyo anakuja na vijana wake na shoka. Nyumba ni yake. Simwezi.

Nilijaribu kumweleza. Lakini unamwelezaje mwenye nyumba kwamba akivunja ubao huu, binti yangu aliye mbali atapoteza kipaji chake? Alinitazama kama mtu anayetazama nyufa za ukuta wake.

Kwa hiyo acha kuandika chaki ukutani. Panda basi, njoo urekebishe kazi yako. Baada ya hapo ukitaka kurudi utarudi, ukitaka kubaki utabaki, utajua mwenyewe.

Mama yako

---

22 Machi

Kwa Mama,

Shikamoo.

Siwezi kuja. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Najua tayari umekasirika.

Nilimwonyesha Shangazi barua yako. Aliisoma, akacheka sana ile sehemu ya mwenye nyumba, kimya kimya, mabega tu, halafu akaacha kucheka. Akaandika ukutani: WEWE USIINGIE NYUMBA ILE. Anasema mlango unamjua aliyeutengeneza. Wageni unawaachia jikoni na madirisha kwa sababu hauna habari nao. Mimi nikiingia, nyumba yote itanifunga, jikoni, dirishani, kote, mpaka neno lililomo lifutwe. Asubuhi ile ya safari niliwahi kutoka kwa sababu neno huchukua siku nzima kuzama kwenye mbao. Na nikiuchezea kutoka nje, bawaba zitakatika, ni sawa na kuuvunja.

Kwa hiyo nimekaa huku na siwezi kuokoa kitu changu mwenyewe.

Nikwambie na lingine. Tangu ulipoandika mara ya kwanza, mikono inanitetemeka kwenye skurubu ya mwisho. Wiki iliyopita nilifunga mlango wa stoo ya mtu, nikakaza, nikavuta pumzi, na kabla sijasema mteja akapiga chafya. Sasa mlango wake unapiga chafya kila ukifunguliwa. Shangazi anamtengenezea mwingine, na ameninyang'anya bisibisi. Hakuandika chochote ukutani. Afadhali angeandika.

Labda ulikuwa na haki. Labda ningebaki hapo kwenye vifungo. Kama nimekosea mlango mmoja tu ambao nilikuwa na muda wote wa kuutengeneza, mimi ni fundi gani?

Mwanao

---

23 Machi

Wifi,

Salamu. Nimeiweka hii kwenye bahasha moja na ya binti yako, yeye hajaisoma.

Unajua mimi si mtu wa maneno mengi. Mlango unaoingiza na hautoi si mlango uliokosewa. Nimekagua michoro ya mtoto, bawaba zake, vipimo vyake. Ni kazi safi kuliko ya kwangu nilipokuwa na umri wake. Mlango ule unafanya sawasawa kile ulichoambiwa.

Ila nimeona kitu. Mwanafunzi wangu anavuta pumzi kabla ya kusema. Anakaza, anavuta pumzi, ndipo anasema. Nimeshamwonya. Katika pumzi ile, siku ile, kuna mtu alisema neno kabla yake. Mlango ulishika hilo, na maneno ya mtoto yakaja kumkuta mtu ameshakaa kwenye kiti.

Ndugu yangu alikuwa nyuma kwa jirani anapakia mizigo garini. Sebuleni mlikuwa wawili.

Ulisema nini, wifi?

Aliyesema ndiye anayeweza kufuta, hakuna mwingine. Mwili wake uguse mbao, atamke kinyume cha alichosema, na awe anakitaka kwa moyo wake. Mbao hazidanganyiki. Mimi nimezijaribu.

Wifi yako

---

3 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili nimeona jinsi unavyojiamini.

Mimi si wa ukoo wenu. Mimi ni mshonaji, nimeolewa tu. Mbao zinisikilize mimi kwa lipi? Ninyi ndio wenye masikio ya miti. Isitoshe, nilikuwa na pini mdomoni, zimejaa, mtu hata akinikaribia hasikii ninachosema. Mtoto mwenyewe alidhani naguna.

Haya. Niliguna maneno.

Sasa nikikwambia usimwambie mtoto, naomba sana. Alikuwa amenipa mgongo, amepanda juu ya stuli, anakaza ile skurubu. Begi lake lilishatangulia garini. Nikamtazama shingo. Bado ana shingo ya mtoto, umeiona? Nikasema, humo humo katikati ya pini, "Asitoke mtu humu ndani tena." Basi. Sikumwambia yeye, wala sikuuambia mlango. Ni kitu mama anasema. Ningejua kuna ubao unasikiliza ningeimeza.

Na zile pini, kwa kuwa mtoto amezilalamikia: hakukuwa na nguo ya kushona asubuhi ile. Nilizitia mdomoni ili nisifungue mdomo. Ningeufungua ningelia mbele yake, na yeye angeshusha begi. Ndiyo maana nikamwambia "Nenda, tupumue." Nilijikaza, wifi. Hakuna aliyenishukuru.

Nimejaribu kufuta. Usidhani nimekaa. Kila asubuhi baba watoto akishakwenda kazini naweka mkono kwenye mlango na kusema "Atoke anayetoka." Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimesema kwa Kiswahili cha redioni. Nimeupaka hadi mafuta ya cherehani. Jirani amenisikia nikigombana nao, ameniletea dawa ya kichwa.

Unasema niwe nakitaka. Sasa mtu anajilazimishaje kutaka? Nieleze hilo wewe mwenye karakana.

Wifi yako

---

10 Aprili

Msumari wangu,

Mama yako hajui kwamba nakuandikia. Niko dukani, nimejificha nyuma ya makopo.

Anauhutubia mlango kila asubuhi. Anasubiri nitoke, halafu anaanza. Juzi nilisahau kofia, nikarudi, nikasimama nje ya dirisha. Sikusikia anachosema, nilisikia sauti tu, na nikaondoka bila kofia. Sijui kuna nini kati yake na mlango ule. Muulize shangazi yako. Mimi siulizi, naishi humu ndani.

Niliwahi kukwambia mlango wangu wa kwanza ulivunjwa. Sikukwambia vipi kwa sababu inachekesha, na sipendi watu wacheke. Bibi yako alinunua kabati pana. Wabebaji wakashindwa kulipitisha, wakaona njia fupi ni kung'oa mlango kwa mtaimbo. Mimi nilikuwa nimetumwa kununua misumari. Nilikuwa njiani narudi, mikono ikanyamaza. Sina neno jingine. Unaijua ile sauti ndogo unayoisikia vidoleni ukigusa ubao? Ikakatika, kama redio inapozimwa chumba cha pili. Nilipofika nyumbani kabati lilikuwa limeshaingia na kila mtu alikuwa amefurahi.

Kuuza rangi si kazi mbaya. Watu wanapenda rangi. Lakini nikigusa ubao ni ubao.

Sitaki ukutwe na hilo. Nimemwomba mwenye nyumba mara mbili. Mara ya pili alinionyesha bega lake lilipodonolewa.

Kuwa na subira na mama yako. Najua ni kazi.

Baba

---

16 Aprili

Kwa Mama,

Shikamoo.

Shangazi ameniambia. Usimlaumu, nilimlazimisha. Nilikataa kushika randa siku nzima, nikakaa katikati ya karakana kama mkaidi, mpaka akachukua chaki na kuandika maneno yako ukutani, herufi ndogo sana, kisha akayafuta kwa mkono wa shati lake kabla sijayasoma mara ya pili.

Nina hasira na wewe, na nakuandikia nikiwa nayo. Mama, miezi yote hii umeniandikia "kazi yako", "mlango wako", "ulikosea wapi". Nimekuwa nikiamka naitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nimenyang'anywa bisibisi. Na wewe ulikuwa unajua! Ulinifukuza kwa sauti na ukanizuia kwa kuguna. Sasa nilipaswa kusikia lipi?

Ungetoa zile pini ukaniambia "sitaki uende", ningelia, tungelia wote, na ningekwenda hivyo hivyo. Lakini ningekuwa narudi kila likizo, naingia na kutoka, ungenichoka.

Sasa kuna jambo jipya na sitakuficha kama wewe ulivyonificha. Kuna hospitali mpya inajengwa, mbali, siku mbili kwa basi kutoka hapa. Shangazi ameombwa afunge milango yote: ya wodi, ya wazazi, ya chumba cha upasuaji. Milango ambayo watu wataingia wanaumwa, na mtu lazima aiambie iwaachie watoke. Anataka niende naye mwezi wa tano. Nataka kwenda, Mama. Nikifikiria milango ile mikono haitetemeki.

Na nataka kuja nyumbani kwanza. Ninawakumbuka. Nakumbuka mpaka vumbi la chaki yako ya kushonea. Lakini nikiingia sasa nitabaki. Nitakaa kwenye ile cherehani, nitashona vifungo nikitazama mgongo wako, na kidogo kidogo nitaanza kukuchukia. Sitaki. Afadhali nisije.

Sikulazimishi. Shangazi anasema kulazimisha ni kazi bure, mbao zinajua. Kama huwezi kutaka, basi huwezi, waache wavunje. Baba atanifundisha kuuza rangi.

Mwanao

---

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nilimsomea baba yako mistari ya mwisho tu, pale pa kuuza rangi, akainuka akatoka. Yaani alitoka jikoni, akapenya tunduni, akakatiza kwa jirani, akamzunguka bata, akaenda kusimama barabarani. Nyumba hii hata kununa kwa heshima haiwezekani tena.

Nilijua lazima nifanye jambo. Nikaenda mlangoni, nikaweka viganja vyote viwili, nikasema. Nikasema vizuri, polepole, kila neno. Haukusogea. Na nilijua sababu: mdomoni nilikuwa nakuruhusu, moyoni nilikuwa bado nimekushika pindo. Nikaupiga teke. Kidole cha mguu kimevimba mpaka leo.

Basi Alhamisi akaja binti wa jirani, yule anayewashikia wateja wangu bata wakati wanapita. Amekuwa akiingia mara nyingi siku hizi, anakaa kwenye kochi ananitazama nikishona, sijamwalika. Amejifunza kutia uzi kwa kutazama tu. Siku hiyo akaniuliza, "Mama, ile cherehani ya dirishani inamsubiri nani?"

Nilitaka kusema jina lako. Lakini wewe uko huko unafikiria milango ya wodi, na umeniandikia wazi kwamba mikono yako haitetemeki. Niliifunua kitambaa. Imeshika kutu kwenye gurudumu, cherehani nzima, kwa kusubiri mtu ambaye tangu mdogo vifungo alikuwa anavishona juu chini. Hukuwahi kuwa mshonaji, mwanangu. Ulikuwa unaniridhisha tu.

Nikamwambia yule binti, ichukue, kaifanyie mazoezi kwenu. Nikajiudhi papo hapo, maana ile cherehani ina miguu ya chuma na meza yake, tunduni haipiti ng'o. Nikamwita baba yako. Yeye akashika upande wa miguu, mimi upande wa kichwa, natembea kinyumenyume, na bila kufikiri tukaelekea mlango wa mbele kama watu wenye nyumba ya kawaida. Mgongo wangu ukagota kwenye mbao.

Baba yako akasema, "Mama, mlango."

Nikasema, "Najua mlango!"

Akasema, "Haufunguki huo."

Nikasema, "Najua haufunguki, ni mimi niliyeufunga!" Hakuwa anajua. Akataka kuiweka cherehani chini ili ashangae vizuri. Binti wa jirani naye akaanza kuuliza azungukie wapi, na hapo hapo bata akaingia jikoni, maana yule binti aliacha wazi, tukasikia sufuria inaanguka. Chuma kinanikata vidole, mgongo unaniuma, kidole cha mguu kinapwita, na watu wote wananitazama mimi kama kawaida, niseme la kufanya. Yakanifika hapa. Nikapiga kelele:

"Basi atoke! Aende huko hospitalini kwao, akafunge milango ya dunia nzima, aende! Mimi mikono yangu imejaa!"

Mlango ukafunguka.

Ulifunguka wote, kwa wepesi, kuelekea nje. Sijui ulipata wapi ruhusa, bawaba wewe ulizifunga za kuelekea ndani. Nikaanguka na makalio kwenye ngazi, cherehani mapajani. Baba yako akawa ananiuliza kama nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa nalia, kwa sauti, barabarani, watu wanapita. Sikuwa na pini.

Unajua kilichoniudhi? Nilitaka mlango ugome. Nilitaka niseme kwa moyo wote, na bado ugome, nikuandikie kwamba jamani nimejaribu. Kumbe nilikuwa nakitaka kweli. Sijui kilianza lini, sikukiona kikiingia. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiwa nimeukasirikia ule mlango kwa kunijua kuliko ninavyojijua.

Baba yako akaweka kiganja juu ya mlango kuusikiliza, akakiacha hapo muda mrefu. Nilimuuliza kama anasikia kitu. Akasema hapana, ila ni mbao nzuri. Sijamtania hata kidogo.

Mwenye nyumba alikuja jana na vijana wawili na shoka, amejiandaa. Nikamwambia karibu. Akaingia, akasita, akashika kitasa, akatoka. Akaingia tena, akatoka tena. Vijana wake wakakaa kwenye ngazi na shoka lao wakimhesabia. Mwishowe akauliza, sauti chini, kama binti yangu anaweza kumtengenezea wa kwake. Nikamwambia binti yangu ana kazi za hospitali, asubiri zamu.

Kosa lilikuwa langu, halikuwa lako. Mikono yako haina tatizo lolote. Mwambie shangazi yako akurudishie bisibisi, na ukikaza skurubu sema hapo hapo, pumzi utavuta baadaye.

Sasa njoo, kabla hujaenda huko mbali. Usipite kwa jirani. Ingia kwa mlango wa mbele, uone ulichotengeneza. Na siku ya kuondoka utatoka kwa mlango huo huo, mimi nitakuwa nimesimama hapo kukuaga, na mdomoni sitakuwa na kitu.

Mama yako